Baraza ya Mbao Katika Jua la Juba

Maisha ya nyumbani katika mji wa Juba huendeshwa nje. Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba chenye paa la bati hakikaliki mchana, na jamaa wote huhamia chini ya mwembe au chini ya rakuba, kile kibanda cha nguzo na mikeka kionekanacho katika nyua nyingi za mji huo. Ndiko karkade inywewako, ndiko mtoto mchanga alazwako, ndiko mgeni apokelewako. Si ajabu, basi, kwamba mwenye nyumba apatapo fedha kidogo hutamani kuiinua sehemu hiyo, iepukane na matope ya majira ya mvua, na kuitandika sakafu ya mbao.

Katika uchaguzi wa mbao hizo limeingia jambo geni: mbao za mchanganyiko. Hizi hazipasuliwi kutoka kwenye gogo. Ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, aghalabu ya jamii ileile ya mifuko na chupa, ukapashwa moto na kusukumwa katika kalibu hadi ukatoka na umbo la ubao. Zilienea Marekani katika miaka ya 1990, na sifa zake si za uongo. Hazitoi vibanzi vya kuchoma miguu, hazidai kupakwa mafuta kila mwaka, na mchwa hapati mlo wa maana ndani yake.

Lakini adui wa kwanza wa baraza ya Juba si mchwa, ni jua. Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudani Kusini ilizifunga shule kwa sababu ya joto kali, na Februari 2025 ikalazimika kuzifunga tena, baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba. Katika jua la namna hiyo ubao wa mchanganyiko, hasa wa rangi ya kahawia iliyoiva au kijivu kizito, huweza kupita nyuzi 60. Mtu mzima mwenye viatu hatajali. Mtoto anayetambaa ataungua magoti na viganja.

Kwa hiyo yampasa mnunuzi aombe kipande cha mfano kabla ya kutoa hata senti moja. Akiweke juani tangu asubuhi, kando ya kipande cha mti wa kawaida, kisha saa nane mchana aviguse vyote viwili kwa kiganja. Jaribio hilo halina gharama, nalo lina faida kuliko karatasi za rangi za muuzaji. Rangi ya mchanga au ya majani makavu hustahimilika zaidi, na chini ya kivuli kizuri tofauti hupungua sana. Mtu asiye na fedha za sakafu na za kivuli kwa pamoja, na aanze na kivuli.

Joto lina hila nyingine. Plastiki hutanuka. Ubao wa mita 4 ukitoka kwenye nyuzi 20 za alfajiri hadi 60 za mchana hurefuka kwa kiasi cha milimita 6 au zaidi, na usipoachiwa nafasi mwishoni utajikunja na kung'oa skrubu. Tena huwa mlegevu kuliko mti. Mihimili ya chini isiachane kwa zaidi ya sentimita 40, na ikikaribiana zaidi ni afadhali. Mbao zilizo na uwazi ndani ni nyepesi na bei yake ni ndogo, lakini ncha zake zisipozibwa maji huingia na sisimizi hufanya makao.

Mchwa naye hakushindwa, amehamia chini tu. Ubao hauli, ila mhimili wa mti laini unaoubeba ataumaliza kimyakimya, na sakafu itaonekana nzima hadi siku itakapodidimia. Nguzo ziwe za zege au chuma, na baraza iinuliwe kiasi cha mtu kuweza kuinama na kuona vijia vya udongo ambavyo mchwa hujenga.

Ipo pia mali ya nchi yenyewe. Equatoria ina mashamba ya mitiki yaliyopandwa zama za Waingereza, kama yale ya Loka na Kagelu upande wa Yei. Mtiki una mafuta yake ya asili, na kiini chake humshinda mchwa kwa miaka mingi. Kiini, si ganda jeupe la nje. Mti uliokatwa ungali mchanga karibu wote ni weupe, na huliwa kama mwingine wowote. Vita viliacha misitu hiyo ikikatwa ovyo, hivyo ni haki kumwuliza mfanyabiashara alikoutoa mzigo wake. Ubao wa mchanganyiko, kwa upande wake, ukipitia Mombasa huvuka Uganda nzima na kumalizia kilomita 192 za barabara ya Nimule, na kila kituo huongeza bei. Kwa baraza iliyo wazi juani, mtiki uliokomaa bado una haki ya kutangulizwa.

Iwapo ya mchanganyiko ndiyo itakayochaguliwa, jiko la mkaa lisipandishwe juu yake. Kaa moja likidondoka huyeyusha shimo lisilopigika randa likaisha. Mahali pa kuchemshia chai patengwe kando, juu ya zege au kokoto za Jebel Kujur.