Mali bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutaja rangi ya daftari. Ajabu ni kuwa leo, watumiaji wakisifia programu za kompyuta za kuwekea maandishi na kupangia kazi, sifa huishia kwenye rangi: hii ina visanduku vya kupendeza, ile huonesha mradi mzima kwa kutupa jicho mara moja. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: siku mwenye programu akifunga mlango, maandishi yatatokaje?

Kwa Bukoba na Muleba, swali hilo si la anasa. Huko Buhaya tendi za enanga zilibebwa vifuani mwa manju: utendi wa Rukiza, wa Kachwenyanja, wa Mugasha. Finnegan alipoandika mwaka 1970 kwamba utendi ni nadra Afrika, miongoni mwa waliomjibu ni M. M. Mulokozi, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihusu tendi hizo za Wahaya. Jibu hilo lilisimama kwa sababu palikuwa na sauti zilizonaswa na maneno yaliyonukuliwa. Pasipo daftari, pasingekuwa na hoja.

Mkusanyaji wa leo ana kanda, majina ya waimbaji, tarehe, mishororo ya Kihaya na tafsiri ya Kiswahili. Utendi mmoja ukiimbwa na manju wawili huwa miwili. Hata manju yule yule, alivyoimba jana sivyo aimbavyo leo. Basi programu inayomshawishi kufuta ya jana ili abaki na nakala moja "safi" humfanya azike kile alichokwenda kukiokoa.

Watetezi husema karatasi nayo huangamia. Ni kweli: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi Bukoba, na daftari lililo chini ya kifusi halisomeki. Lakini hoja hiyo yadai nakala nyingi, haidai bwana mmoja. Google Notebook ilifungwa mwaka 2012. Evernote, mwishoni mwa mwaka 2023, iliwawekea wasiolipa kikomo cha maandishi 50. Kwa kikomo hicho, mkusanyaji hamalizi hata kijiji kimoja cha Muleba. Na ile sifa ya "hupatikana popote" humaanisha popote penye mtandao.

Zipo programu, kama Obsidian, zinazoweka maandishi katika mafaili ya kawaida ndani ya kompyuta ya mwenyewe, yanayofunguka hata kwa programu nyingine. Hicho ndicho kipimo. Mengine ni mapambo. Anayesifia programu na aseme kwanza namna ya kuihama. Asiyeweza kusema hilo hajasifia daftari, amesifia jalada. Na manju akishazikwa, jalada haliimbi.