Dhamana ya Kampuni kwa Wafanyakazi wa Ng'ambo

Kampuni ya kimataifa, yaani ile yenye makao makuu katika nchi moja na shughuli katika nchi nyingine nyingi, aghalabu haimiliki viwanda vinavyoitengenezea bidhaa, bali huagiza kazi kwa wenye viwanda wa ng'ambo, ikachuma faida ya jasho la wafanyakazi huku ikijivua dhamana ya maisha yao. Huo si uadilifu, kwa kuwa anayepanga bei na siku ya kupakia mzigo ndiye anayeamua, hata asipokanyaga kiwandani, mshonaji alipwe nini na afanye kazi saa ngapi.

Ushahidi ni jengo la Rana Plaza, lililokuwa Savar, karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, likiwa na viwanda vilivyozishonea nguo kampuni za ng'ambo, na ambalo ghorofa zake za juu ziliongezwa bila kibali. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka yakafungwa, lakini washona nguo wakaamriwa kurudi kesho yake, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara, na mtu ambaye kima chake cha chini kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, kiasi cha dola 38 hivi, hakuwa na ubavu wa kukaidi. Asubuhi ile umeme ulikatika, jenereta zikawashwa, jengo likaporomoka, na watu 1,134 wakafa. Baadhi ya viwanda hivyo vilikuwa vimekwisha kukaguliwa kwa kufuata kanuni za maadili, yaani masharti ambayo kampuni hujiwekea zenyewe, wala ukaguzi huo haukumwokoa mtu.

Kilichofaa ni mkataba wa usalama uliotiwa saini Mei mwaka huohuo baina ya vyama vya wafanyakazi na kampuni za mavazi, ambao uliagiza taarifa za ukaguzi zitangazwe, ulimpa mfanyakazi haki ya kukataa kuingia penye hatari, na uliwezesha kampuni inayoukiuka kushtakiwa mbele ya wasuluhishi.

Basi inazipasa kampuni ziache kujisifu kwa kanuni zisizo na adhabu, zifunge mikataba yenye nguvu ya sheria, na zilipe bei inayotosha kuimarisha jengo na kumlisha mfanyakazi. Serikali nazo, zikiwamo za Afrika Mashariki, ambako viwanda vya Athi River nchini Kenya hushona nguo za soko la Marekani, zisiwavutie wawekezaji kwa unyonge wa raia wao, bali zilinde vyama vya wafanyakazi, kwa maana mnyonge asiye na chama hana wa kumsemea.