Dokebi si Zimwi

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya maelezo ya tamthilia ya Korea Kusini iliyoonyeshwa na kituo cha tvN kuanzia Desemba 2016 hadi Januari 2017. Mhusika mkuu Wakorea humwita dokkaebi. Waliotafsiri kwa Kiingereza walimwita goblin. Naye mwanafunzi, akiifuata kamusi yake, akaandika “zimwi”.

Hapo nilisita. Zimwi la ngano zetu hula watu. Kim Shin, aliyeigizwa na Gong Yoo, ni jemadari wa enzi ya Goryeo aliyeuawa kwa upanga, akafufuka, akaishi zaidi ya miaka 900 upanga ungali kifuani, akimngoja bibi arusi wa kuuchomoa. Na dokkaebi wa masimulizi ya kale hutokana na vyombo vikuukuu, hata ufagio uliotupwa. Hupenda mieleka na mzaha. Mla watu yuko wapi?

Jini je? Huyo angalau huweza kutajirisha na kudhuru, lakini ana mizizi katika itikadi ya Kiislamu, na mtazamaji wa Mombasa atamwelewa kivyake. Kibwengo ni pepo tu.

Naona heri tuandike “dokebi”, tueleze mara moja, tuendelee. Jini lenyewe tulilipokea hivyo kutoka Kiarabu, na leo nani huliona geni? Kinachotuponza ni mazoea ya kupitia mlango wa Kiingereza kila tuingiapo nyumba ya Mkorea, ilhali mwenyeji ametufungulia wake.

Kazi ile nimeirudisha. Safari hii aanze na ule ufagio.