Usikunje Uso Mbele ya Mpishi



Jioni moja jijini Bangkok, kiongozi alitutembeza kwenye vibanda vya chakula vya Yaowarat, mtaa wa Wachina. Tulikunywa kuay jap, supu ya tambi za mchele na matumbo ya nguruwe, yenye ukali wa pilipili manga. Tukafika kwa mama anayeuza panzi na mabuu ya kukaanga. Nikakunja uso, nikatoa simu, nikapiga picha ya kuwachekesha watu nyumbani. Mama yule akainamisha kichwa.

Usiku aibu ilinishika. Mimi, niliyelelewa Vihiga kwa kumbikumbi! Mgeni angemcheka mama yangu hivyo, ningejisikiaje?

Mpendwa, nasema wazi: kulipia ziara si kununua ruhusa ya kumdharau anayekulisha. Kama huli, kataa kwa upole. Ukitaka picha, omba kwanza, kisha nunua kitu. Huenda karo ya watoto inatoka kwenye karai hilo.

Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu chakula, mzigo wake haukuwa tumbo. Ulikuwa ndugu.

Je, umewahi kumwaibisha mtu kwa sababu ya chakula chake? Rekebisha leo.