Kioo Kisife na Mashine Yake

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Siku hiyo hakuna kompyuta iliyozimika Karatu kwa sababu hiyo. Steshenari za kando ya barabara kuu ziliendelea kutoa kopi, ofisi za utalii ziliendelea kuwajibu wateja wa ng'ambo, na mapokezi ya hoteli za njia ya Ngorongoro yaliwaandikisha wageni kama kawaida. Lakini mashine nyingi za mezani zilianza kuhesabiwa siku. Windows 11 haiikubali kila mashine: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mitumba iliyoshuka Kariakoo na Arusha kwa miaka mingi ilikuwa ya kizazi cha nne, cha tano, cha sita.

Kwa mwenye monita na CPU, yaani boksi la kompyuta lenyewe, hiyo ni nusu hasara. Akiamua kubadilisha, CPU itauzwa au itapewa mtoto wa shule, na monita itabaki pale pale ikisubiri mashine nyingine. Mwenye kompyuta ya kipande kimoja, zile wanazoziita ol-in-wan madukani, hana nafuu hiyo. Kioo kizima, kisicho na hata mkwaruzo, kinastaafishwa pamoja na prosesa iliyozeeka nyuma yake.

Ni kweli kwamba Microsoft ilifungua mlango wa kuongezewa mwaka mmoja wa ulinzi, na kwamba Linux inaweza kuipa mashine ya zamani miaka mingine kadhaa. Ila mwenye steshenari anayejaza fomu za mikopo ya wanafunzi kuanzia asubuhi hadi jioni hana muda wa kujifunza Linux foleni ikiwa mlangoni. Atanunua nyingine. Swali ni anunue ya namna gani, na kwa mji kama Karatu, achilia mbali Endulen au Loliondo, jibu linapaswa kuwa vipande viwili, isipokuwa pale penye sababu nzito ya kuchagua kimoja.

Sababu ya kwanza ni umri. Kompyuta huchakaa kwa sababu nyingi: programu zinanenepa, kumbukumbu inakuwa ndogo, mtengenezaji anaacha kuihudumia. Monita haina shida hizo. Kazi yake ni kupokea picha na kuionyesha, na njia za kupokea picha hubadilika polepole mno. Tundu la VGA lilitoka na kompyuta za IBM mwaka 1987, na hadi leo kuna projekta na monita zinazolitumia. HDMI ina zaidi ya miaka 20. Monita ya inchi 22 iliyotengenezwa mwaka 2010 inaweza kuchomekwa kwenye kompyuta ya mwaka huu kwa waya mmoja, au kwa waya na adapta, ikafanya kazi bila ubishi. Ndani ya kompyuta ya kipande kimoja hali ni tofauti kabisa. Kioo kimeungwa kwenye bodi kwa kiunganishi cha ndani, na ukitaka kukitoa kiwe monita unahitaji bodi nyingine inayooana na kioo hicho hicho. Fundi hodari wa Kariakoo anaweza kuitafuta. Fundi wa Karatu atakwambia ukweli: gharama na usumbufu havilipi.

Wanaouza kompyuta hizi hupenda kutaja Apple, na wana haki, kwa kuwa hakuna kampuni iliyoipenda kompyuta ya kipande kimoja kama hiyo. Macintosh ya kwanza, Januari 1984, ilikuwa sanduku moja lenye kioo cha inchi 9, lililofungwa kwa skrubu zisizofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Mwaka 1998 ikaja iMac ya rangi, iliyosaidia kuinua kampuni iliyokuwa karibu kuzama. Lakini historia hiyo hiyo ina upande ambao muuzaji hausimulii. Baadhi ya iMac, kuanzia ile ya inchi 27 ya mwaka 2009, ziliweza kutumika kama monita ya kompyuta nyingine. Ilipotoka iMac yenye kioo cha 5K mwaka 2014, uwezo huo uliondolewa: kioo bora kuliko vyote vilivyotangulia hakikuweza tena kuazimwa na mashine nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Apple ilianza kukigandisha kioo kwa gundi, ilhali matoleo ya nyuma yake yalishika kioo cha mbele kwa sumaku. Kisha Machi 2022 kampuni hiyo ikaacha kuuza iMac ya inchi 27 na badala yake ikaweka sokoni kompyuta ndogo, Mac Studio, na monita ya peke yake, Studio Display, ya dola 1,599. Kwa wateja wake wa kazi nzito, mfalme wa kipande kimoja alirudi kwenye vipande viwili.

Turudi Karatu. Mji huu una bahati ya barabara ya lami kutoka Makuyuni, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Arusha iko kilomita 140 hivi. Mafundi wapo, na wengi ni wazuri, lakini vipuri viko Arusha, na vikikosekana Arusha viko Dar es Salaam. CPU ikiharibika hufungwa kwenye boksi, ikakabidhiwa kwa kondakta wa basi, ikateremka ukuta wa bonde hadi Mto wa Mbu na kuendelea, huku monita ikibaki salama mezani. Kompyuta ya kipande kimoja ikiharibika, hata kama tatizo ni feni tu, kinachosafiri ni kioo. Kitapangwa chini ya magunia ya vitunguu vya Mang'ola, na aliyewahi kusafirisha mzigo kwa njia hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa Loliondo mambo ni magumu zaidi. Njia ya kwenda huko kupitia Ngare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ina kipande cha lami cha kilomita 49 kati ya Wasso na Sale, lakini kabla ya kukifikia kuna mwendo mrefu wa mawe na vumbi unaoweza kulegeza hata skrubu za gari.

Vumbi lenyewe ni adui wa pili. Udongo wa Karatu ni mwekundu na laini, na wakati wa kiangazi huingia kila penye upenyo. CPU ya kawaida hufunguliwa ubavu, ikapulizwa kwa blowa nje ya mlango, kazi ya dakika 10 ambayo hata karani wa steshenari hujifunza. Kwenye ol-in-wan nyingi, kuifikia feni ni kuifungua mashine nzima kwa nyuma, na kwenye iMac za gundi ni kukibandua kioo chenyewe, jambo linalohitaji moyo. Matokeo yake watu hawazisafishi. Zinakaa na joto, na joto linakaa mgongoni mwa kioo.

Halafu kuna umeme. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba umeme unaopelekwa Kanda ya Kaskazini husafiri mbali na mwingi hupotea njiani, na ndiyo sababu serikali ilitaka kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hiyo, ingawa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikuwa tayari linazalisha. Mwenye duka hahitaji hotuba ili kulijua hilo, maana anaziona taa zikififia jioni na kusikia friji gadi ikikata na kurudisha. Umeme ukirudi kwa nguvu na kuunguza pawa saplai ya CPU, fundi ataichomoa na kuweka nyingine. CPU za ofisi za Dell na HP hutumia pawa saplai za umbo lao wenyewe, hilo ni kweli, ila mitumba yake imejaa. Ikiungua monita, kazi itaendelea kwa televisheni ya nyumbani yenye HDMI mpaka monita nyingine ifike. Ikiungua ol-in-wan yenye pawa saplai tumboni, ofisi imefungwa.

Wapo wanaosema kipande kimoja kinakula umeme kidogo. Hapo ukweli umegawanyika. Zipo zinazotumia prosesa za laptop, na iMac za sasa za inchi 24 zina matumizi madogo sana. Lakini zipo pia kompyuta ndogo zenye ukubwa wa kitabu kinene, kama OptiPlex Micro ya Dell, EliteDesk Mini ya HP na ThinkCentre Tiny ya Lenovo, ambazo pamoja na monita ya inchi 22 zinaweza kufanya kazi za barua na mtandao kwa wati 50 hivi. UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi, na nusu yake kwa vitendo. Kwa wati 50 huo ni muda wa kumaliza kutuma ratiba ya safari na kuhifadhi kazi kwa utulivu. Zaidi ya hayo, vikompyuta hivyo huendeshwa kwa adapta za mtindo wa chaja za laptop, na chaja za laptop Karatu hazina uhaba. Mnunuzi alinganishe tu volti, kichwa cha chaja na wati, maana mashine inayotaka wati 90 haitaridhika na 65.

Vikompyuta hivi ndivyo vinavyoivunja hoja ya urembo, ambayo kwa kweli ndiyo inayouza ol-in-wan nyingi. Monita nyingi za ofisi zina matundu manne ya skrubu mgongoni, yaliyopangwa kwa milimita 100 kwa 100, kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi duniani. Kikompyuta kinafungwa hapo nyuma kwa bamba, waya mfupi unaunganisha, na anayekaa mbele haoni kitu zaidi ya kioo. Lenovo ilikwenda mbali zaidi kwa kutengeneza monita yenye nafasi ya kuchomeka Tiny nzima, ili ikizeeka ichomolewe na nyingine iingie.

Steshenari ina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Monita za ofisi, hasa mitumba ya Ulaya, huja na mguu unaopanda, kushuka na hata kugeuza kioo kikasimama wima. Monita ya inchi 24 ikisimamishwa hivyo, ukurasa mzima wa A4 unaonekana kwa ukubwa wake halisi, na mchapaji wa barua na kumbukumbu za vikao hahangaiki kupandisha na kushusha. Kompyuta nyingi za kipande kimoja miguu yake haipandi wala haigeuki, na ndiyo maana baadhi yake zimekalia rimu mbili za karatasi ili zifikie macho ya mchapaji.

Hata mfuko wa Karatu unapendelea vipande viwili. Pesa ya hapa huja kwa msimu: wageni hufurika Juni hadi Oktoba, Aprili na Mei mvua huwapunguza, na vitunguu vina kalenda yake. Mwenye ofisi anaweza kununua monita nzuri msimu ukiwa mzuri na kuivumilia CPU ya zamani hadi msimu mwingine. Kipande kimoja kinataka pesa yote kwa mkupuo, leo na siku ya kubadilisha.

Haki ipewe ol-in-wan pia. Huja na kamera, spika, maikrofoni na Wi-Fi ndani yake, ilhali CPU nyingi za ofisi za mitumba hazina hata Wi-Fi, na mnunuzi hushtuka anaporudi dukani mara ya tatu kufuata vikorokoro. Wezi huona tabu kuibeba. Kikompyuta cha ukubwa wa kitabu huingia mkobani. Kwa meza ya mapokezi ya hoteli iliyo wazi pande zote, inayotazamwa na mgeni aliyelipa pesa nyingi, waya mmoja ni bora kuliko minne. Na mpiga picha wa wanyama anayetaka rangi za kuaminika bila kuhangaika atapata kwenye iMac kioo cha 4.5K ambacho si rahisi kukipata kwa bei hiyo pamoja na kompyuta. Hao wanunue, mradi wawe tayari kununua upya kila kitu baadaye. Wakikuta modeli yenye HDMI ya kupokea picha kutoka nje, na zipo za Dell, HP na Lenovo, waichague hiyo kwanza.

Kampuni ndogo za utalii, ambazo mwenyewe ndiye meneja, mhasibu na mara nyingine dereva, hazihitaji hata CPU. Laptop moja na monita moja vinatosha. Laptop ina betri yake umeme ukikatika, inaingia kwenye gari la kwenda Ndutu, na ikirudi ofisini inachomekwa waya wa HDMI: barua za wateja upande mmoja, hesabu za viingilio na kontroo namba upande wa pili.

Wanaopaswa kulifikiria zaidi jambo hili ni wanunuzi wa umma na wafadhili wa shule. Chumba cha kompyuta chenye mashine 20 za kipande kimoja hupendeza siku ya uzinduzi, lakini siku mashine hizo zitakapokataliwa na programu mpya, vioo 20 vitaingia stoo. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Zabuni za serikali sasa hupita kwenye mfumo wa NeST, na afisa anayeandika vipimo ana uhuru wa kuagiza kompyuta kwenye mstari mmoja na monita kwenye mstari mwingine, zenye HDMI na matundu ya milimita 100 mgongoni. Miaka 5 ijayo, bajeti ikiwa finyu, shule itaomba mstari wa kwanza peke yake.