Bosi wa Malori Tunduma, Umeacha Mke, Hujaacha Watoto!

Tunduma kuna jamaa malori yake yanavuka Nakonde kila wiki. Kaachana na mkewe, sawa, ndoa huvunjika. Ila watoto wamekosa nini? Akiombwa hela ya matumizi, jibu: "Si ulitaka talaka mwenyewe?" Juzi kaposti bethidei yake, meza imejaa vinywaji, mama watoto yuko Sogea anauza mitumba apate hela ya madaftari. Aibu!

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129, inamtaka baba atunze watoto hata wakikaa kwa mwingine, kulingana na uwezo wake. Nani aliomba talaka, haiulizwi hapo.

Dada naye aache kulia saluni. Ustawi wa jamii wapo, mahakama ipo. Na zile picha za bethidei aende nazo.