Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Siri ya Majibu ya Kiziwi



Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 uliuweka Mkoa wa Kigoma chini kabisa kati ya mikoa ya Tanzania Bara kwa maambukizi ya watu wazima: asilimia 1.7, wakati Njombe ilifika 12.7. Wahudumu wanastahili pongezi. Lakini utafiti huohuo ulionyesha nchi inakwama wapi. Kati ya watu wazima wenye VVU, asilimia 82.7 tu ndio waliojua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Kazi iliyobaki, basi, iko kwenye kupima, na hapo ndipo watu wenye ulemavu wa Ujiji, Kibirizi na vijiji vya ziwani wanapokwama.

Kiziwi akienda zahanati, huenda na nani? Mara nyingi dada yake, au mama mzazi. Mshauri nasaha humwuliza dada, dada huashiria kwa ishara za nyumbani, na maswali ya wapenzi na kondomu hupita mikononi mwa ndugu. Kijana gani atasema kweli mbele ya mama yake? Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu. Kiziwi huipoteza kabla hajatobolewa kidole.

Asiyeona naye ana yake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, hatua njema kwa wanaoogopa kuonekana kliniki. Ila majibu ya kipimo hicho ni mistari ya kutazamwa kwa macho. Lazima amwite mtu amsomee.

Na wa Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, anayetembelea kiti cha magurudumu? Kumpandisha kwenye boti ya mbao hadi mjini ni kazi ya wanaume kadhaa, na kila mmoja atataka kujua anakwenda kutibiwa nini.

Wapo wanaodhani watu wenye ulemavu hawana mahusiano ya kimapenzi. Mwaka 2004 Nora Groce wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na Benki ya Dunia, alionyesha kuwa hatari ya VVU inayowakabili ni sawa na ya wengine au kubwa zaidi, ubakaji ukiwemo. Wala si wachache: Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani.

Barua hii inaomba mambo yanayowezekana. Wahudumu wachache wa hospitali ya mkoa ya Maweni na wa vituo vya afya wafundishwe Lugha ya Alama ya Tanzania, na siku zao za zamu zitangazwe. Takwimu za upimaji zioneshe ulemavu wa aliyepimwa. Timu za kupima ziende na boti hadi mwaloni, ziingie na majumbani. Vijana wanaomaliza Shule ya Msingi Kabanga, Kasulu, iliyolea watoto wenye ulemavu na wenye ualbino, wapewe elimu ya VVU kwa njia wanayoielewa. Na kabla halmashauri hazijafunga bajeti ijayo, viongozi wa chama cha viziwi, CHAVITA, na wa shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, SHIVYAWATA, waitwe mezani, mkalimani akiwa amelipwa na ofisi.